Nimelipia boksi 300, wakwe zangu wameondoka na njaa

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zina kilio cha aina moja: kumbi za kukodi na wapishi wa kukodi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyengine kwa sababu waliobaki wengi wameuliza mambo yaliyomo ndani yake.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Mwezi uliopita nilimuoza binti yangu. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya Alasiri, na usiku ukawa wa wanawake ukumbini. Mwenye ukumbi alinishauri chakula nichukue kwake kwake, nisihangaike. Tukakubaliana boksi 300 za biriani, kila boksi robo kuku, sambusa mbili, katlesi, kipande cha keki na juisi, kwa shilingi 12,000. Nikalipa zote 3,600,000 kabla ya siku yenyewe. Usiku wa shughuli boksi ziliishia meza za kati. Wakwe zangu, waliotoka Pemba na boti, walikuwa wamekaa nyuma na hawakupata hata sambusa. Na wengine waliopata wananiambia masala yalikuwa yameshachacha. Msimamizi nilipomuuliza akanijibu: "Zote tumeleta, mama, wageni wako wamechukua mbili mbili." Karatasi sina. Nina ujumbe wa simu na muamala wa malipo tu. Nina haki yoyote? Na wakwe zangu nitawatazama kwa uso gani?*
*Mama wa bi harusi, Fuoni*

Marahaba dada yangu, na hongera kwa kumuoza. Nianze na wakwe, maana naona hilo ndilo linalokunyima usingizi.

Usiwapigie simu kuwasimulia habari za msimamizi. Wao hawakualikwa na msimamizi, wamealikwa na wewe. Kama bado wapo Unguja, waite nyumbani, upike wewe na ndugu zako, mle pamoja kwenye sinia. Kama wamesharudi, pika mkate wa kumimina na vileja, mtafute mtu mzima wa upande wako, shangazi wa bi harusi au kaka yako, apande boti akafike mpaka nyumbani kwao. Halua wanayo kwao, tena nzuri. Wewe peleka ulichokipika kwa mkono wako. Huyo mtu asikae kueleza mengi. Aseme tu: siku ile hamkupata haki yenu na sisi tumeona, tunaomba radhi. Kisha anyamaze, anywe chai yake, arudi. Fanya hivyo kabla hujaanza kudai pesa yoyote, kwa sababu binti yako ndiye atakayeishi na watu wale, na yeye ndiye atakayeulizwa.

Haki unayo. Watu wanadhani pasipo karatasi yenye muhuri hapana mapatano. Si hivyo. Mlikubaliana idadi, mlikubaliana bei, ukalipa, naye akapokea. Ujumbe wa simu unaoonyesha boksi 300 na muamala unaoonyesha 3,600,000 ni ushahidi, usivifute, na mwambie kijana wako avihifadhi pahala pengine pia, simu huanguka majini.

Kuhusu hilo neno la "wamechukua mbili mbili": linawezekana, mimi nimeona watu wakitia boksi la pili kwenye mkoba. Lakini yeye aliyelipwa kuleta boksi 300 naye aulizwe aonyeshe kuwa zilifika 300. Mwendee kwa utulivu umuulize alinunua kuku wangapi na alipika mchele kilo ngapi. Boksi 300 zenye robo kuku ni kuku 75, haina njia nyengine. Mchele, ukikadiria kilo 1 kwa watu 8, unakaribia kilo 38. Mpishi aliyepika kweli anakujibu papo hapo, kwa sababu hesabu hiyo alikaa nayo kichwani usiku mzima. Akikwambia alinunua kuku 50, basi amekwambia mwenyewe kuwa alifunga boksi 200.

Mimi nimepika shughuli tangu usichana wangu, nikimfuata mama yangu nyumba kwa nyumba, na kinachofanyika siku hizi nakijua. Msimu ukifika, yaani Shaaban kabla ya watu kuingia Ramadhani, na Mfunguo Mosi baada ya Sikukuu, mpishi mmoja anachukua shughuli tatu za usiku mmoja. Anapika pahala pamoja, gari inazunguka. Shughuli ya kwanza inapata zake kamili. Ya pili inapunguzwa kidogo. Ya tatu inapelekewa kilichobaki, na anayepeleka anaambiwa aseme zote zimo. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mpishi, kabla ya bei, ni hili: usiku ule una shughuli nyengine? Akisita, ondoka.

Na kuchacha nako kuna sababu yake. Biriani letu masala hupikwa mbali na wali. Mna vitunguu vya kukaanga, tungule, mtindi, thomu na tangawizi. Wali unachujwa, unatiwa samli na zafarani, unapaliwa makaa juu ya mfuniko mpaka ukauke. Chakula kile kikiliwa kimetoka jikoni hakina mfano. Lakini ili awahi shughuli tatu, mpishi anaanza kufunga boksi saa 8 mchana, na nyinyi mnakula saa 3 usiku. Ni muda wa saa 7. Mvuke hauna pa kutokea, unagota kwenye mfuniko, unageuka maji, unarudi kwenye wali. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kikae moto wa nyuzi zaidi ya 60 au baridi ya chini ya nyuzi 5. Hapo kati ndipo vijidudu vinapozaliana, na Shirika la Afya Duniani linaonya kisiachwe hivyo zaidi ya muda wa saa 2. Wali ndio wa kuuogopa zaidi. Una bakteria aitwaye Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na akishatoa sumu yake ya kutapisha, hata ukiupasha moto wali haikusaidii.

Siku nyengine, chakula kikifika, fungua boksi moja kutoka chini ya rundo, si ile ya juu unayopewa. Tazama mfuniko kwa ndani. Kama una matone ya maji na chini ya boksi kiganja chako hakihisi moto, sogeza kipande cha kuku unuse pale nyama iliposhikana na mfupa. Uchachu huanzia hapo, kabla masala yenyewe hayajabadilika harufu. Ukiupata, hazigawiwi, hata kama wageni wamekaa na wanasubiri. Na kama kuna aliyeugua baada ya shughuli yako, mwambie aende hospitali, nawe upeleke taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Sote tunaikumbuka miaka ya 2015 na 2016, kipindupindu kilipotuingia. Chakula cha watu wengi si jambo la kufanyiwa muhali.

Sasa kudai. Andika barua ya ukurasa mmoja: mlikubaliana nini, umelipa nini, umepokea nini, unadai urejeshewe nini. Dai boksi ambazo hazikufika na zilizochacha, usidai na aibu yako, hiyo haina bei na itamfanya akugeuzie maneno. Mpelekee ukiwa na watu wazima wawili, mpe siku ya mwisho ya kujibu. Asipojibu, nenda kwa sheha wa shehia ulipo ukumbi. Wengi wanatengenezana hapo hapo. Isipotengenea, iko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kumlinda mnunuzi ni katika kazi zake. Muulize pia msimamizi risiti yako ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) iko wapi. Aliyepokea zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu bila ya kutoa risiti hatotamani jambo hili lifike mbali.

Najua kuna kitu kinakuzuia, nacho ni kuona haya. Kinawazuia wote walioniandikia, na ndicho ninachotaka kukisema kwa nguvu mwezi huu. Zamani shughuli zetu zilipikwa na watu tunaowajua. Nyumba ikiwa na harusi, wanawake wa mtaa wamejaa uwani juu ya mikeka, huyu anachambua mchele, huyu anamenya mbatata, mwengine thomu, na wanaume wanatweka masufuria kwenye mafiga. Mchele ukipungua usiku wa manane, mtu anagonga mlango wa jirani anarudi na gunia. Karatasi ya nini? Aliyepika alikuwa mtu wa kuzikana nawe. Leo tunamlipa mtu ambaye hata jina la baba yake hatulijui, lakini tunamwendea kwa haya zile zile za jirani. Tunaona vibaya kuhesabu mbele yake. Tunaona tutamvunjia heshima tukimwambia "niandikie". Yeye anafanya biashara, na haya zetu anazijua na anazitegemea. Wazee waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wafanyabiashara, na hawakuwa watu wasio na haya.

Kwa hiyo wewe mwenye binti mwengine wa kuoza, andikishianeni. Idadi, kilichomo ndani ya boksi kwa jina lake, saa ya kufika, na jina la mtu wa upande wako atakayepokea. Huyo mpokeaji awe mtu asiyetaka kukaa mbele na kupigwa picha. Kila ukoo una shangazi wa namna hiyo. Ahesabu kwenye gari, si mezani, zikishafika mezani hazihesabiki. Na usilipe zote kabla. Toa nusu kuwa arubuni, yaani malipo ya kutangulia, ili anunue vitu, na nusu aipate pale pale garini, hesabu ikishatimia. Mpishi wa kweli hakatai. Mimi nililipwa hivyo kwa miaka na sikuona kuwa nimedharauliwa.

*Assalam alaykum Bi. Nafanya kazi Dar es Salaam, harusi yangu ilikuwa iwe Chake Chake, Mfunguo Mosi. Nilipiga simu ukumbini, nikatuma arubuni ya 400,000. Siku zimekaribia naambiwa tarehe ile kuna mwengine aliyelipa kamili, na arubuni yangu hairudi kwa kuwa ndiyo desturi ya arubuni. Ni kweli?*
*Bwana harusi, Wete*

Waalaykum salaam mwanangu. Si kweli, na aliyekwambia anajua si kweli.

Arubuni ambayo watu wanabishana kama hurudi au hairudi ni ile ya mtu aliyeghairi mwenyewe. Hapo ndipo wanazuoni walipokhitalifiana: wanazuoni wa Kihanbali wanamruhusu muuzaji abaki nayo, na wanazuoni wa Kishafi, ambao wengi wetu huku ndio tunaowafuata, hawaikubali. Wewe hukughairi. Yeye ndiye aliyekipa kitu chako mtu mwengine. Katika hilo hapana aliyesema kuwa ale na pesa yako. Mtumie baba yako au ami yako aende kwa miguu yake, akiwa na namba ya muamala, asirudi bila ya 400,000 au bila ya maandishi ya lini zitarudi. Usiendelee kubishana kwa simu kutoka Dar. Mtu anayekuona ni sauti tu hukuchukulia wepesi.

Na harusi isingoje ukumbi. Pemba bado kuna uwanja wa skuli, kuna turubai na viti vya kukodi, na kuna watu wanaojua kupika. Mfunguo Mosi ukiangukia kwenye mvua za masika, baina ya Machi na Mei, hakikisha turubai linavuka viti vyote na chini pana mteremko wa kutoa maji.

Kwa wengine wanaopanga shughuli wakiwa mbali: usitume pesa mpaka ndugu yako ameliona daftari la ukumbi kwa macho, jina lako limeandikwa kwa kalamu kwenye tarehe yako, na amelipiga picha ukurasa ule.

*Bi Mkubwa, kwenye harusi ya mdogo wangu usiku ulikuwa wa wanawake watupu, tumevua mabuibui, wengine vichwa wazi. Katikati ya shughuli waliingia wanaume wanne na trei za juisi, bila hodi. Siku ya pili picha zetu ziko kwenye ukurasa wa ukumbi, wanajitangaza. Nilipolalamika wakasema wahudumu wa kike siku ile walikuwa wachache. Mume wangu ameudhika mpaka leo. Nifanye nini?*
*Mwenye uchungu, Mpendae*

Mwanangu, barua yako imeniuma kuliko zote. Chakula kikipungua watu hula nyumbani. Hili halilipwi.

Leo hii, kabla hujafanya jengine, waandikie wakuondolee picha zote za usiku ule, si yako peke yako, za wote. Piga picha ukurasa wao kwanza zikiwa bado zipo, ili wasije wakasema hazikuwepo. Nenda na mama yenu na mwenye harusi mwenyewe, mkae na mwenye ukumbi, si na msimamizi wala kijana wa kompyuta. Wenye kumbi wengi ni watu wazima wenye mabinti. Mwambieni awaulize waliochukua picha ni nani mwengine wamempelekea. Akikataa kuziondoa, fuateni sheria, na msione haya kwenda polisi kwa jambo la picha za wanawake zilizotolewa bila ridhaa yao.

Mumeo mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba uliingia pahala palipoahidiwa kuwa pa wanawake. Wewe ndiye uliyedhulumiwa. Hasira yake ielekee ilikotoka dhulma.

Kumbi zinajua vizuri kuwa usiku wa wanawake ndio unaowaingizia pesa hapa Unguja. Basi sharti liandikwe kwanza, kabla ya rangi ya mapambo na kabla ya keki: wahudumu wa kike, wa muziki wa kike, wa video wa kike, fundi wa umeme akihitajika mwenye harusi aarifiwe na watu wajifunike kabla hajaingia. Andikeni pia kuwa picha ni mali ya mwenye harusi. Na mlangoni wekeni mama mmoja wa makamo asiyeona muhali, huyo ndiye anayejua nani apite na nani asubiri nje. Kama ukumbi hauna wanawake wa kutosha, useme mapema. Tutachukua mabinti zetu wenyewe wagawe juisi.

*Shikamoo. Tuna khitma na maulidi ya baba yetu, tumekodi ukumbi karibu na Bububu. Wanasema jenereta lipo. Mwaka jana jirani yetu aliambiwa hivyo hivyo na watu wakakaa gizani. Tuhakikishe vipi?*
*Watoto wa marehemu, Bububu*

Marahaba wanangu, Mungu amrehemu baba yenu.

Mtu mzima wa Unguja hahitaji kuambiwa habari za giza. Tulikaa bila umeme kisiwa kizima karibu mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, harusi, maziko na maulidi vyote kwa taa za mafuta na majenereta ya kuazima. Waya mpya wa baharini ulioletwa mwaka 2013 umetuondolea balaa lile, lakini haukuondoa kukatika kwa umeme wa mtaani, na ukumbi usiojiandaa unawaacha watu gizani kwa nguzo moja kuanguka.

"Jenereta lipo" haitoshi. Majenereta mengi ya kumbini huwasha taa na spika basi. Feni hazizunguki, na ukumbi uliojaa watu usiokuwa na hewa, wazee huzimia. Mengine yapo lakini mafuta hununua mwenye shughuli, na hamuambiwi mpaka umeme umeshakatika na duka la mafuta limefungwa. Nendeni usiku, kama saa ile ile ya maulidi yenu. Mwambieni azime swichi kuu, awashe jenereta mbele yenu, feni zote na vipaza sauti viwe vinafanya kazi kwa pamoja, na mkae nalo nusu saa. Muulizeni mafuta ni ya nani na yamo lita ngapi, na nani atakayelala na ufunguo wa chumba cha jenereta usiku huo. Mkipata jina la mtu na namba yake ya simu, ndipo mtoe arubuni.